Vyote Vimo

Kwenye dirisha la duka la vitabu, mkabala na geti la chuo,
nimebandika karatasi ileile miaka kumi na tisa:
Vyumba vitano. Maji, umeme, joto: vyote vimo kwenye kodi.
Piga simu jioni. Mwulize Lempi.

Vyote vimo. Maneno mawili tu,
lakini marehemu Reino alikuwa akisema
maneno hayo mawili yatatuacha uchi.
Hapa Houghton theluji huanza kabla majani hayajamaliza kuanguka,
na Aprili bado tunaichota mlangoni kwa koleo.

Chumba cha pili yumo Corwin, anasomea ujenzi wa madaraja.
Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
dirisha lake wazi, pazia limetoka nje kama ulimi wa mbwa,
na hita imefunguliwa hadi mwisho.
"Mna joto mno humu, Bi Karppinen."
Basi ninaipasha moto anga ya Michigan nzima,
kwa hisani yangu.
Chumba cha tatu, Anselm huoga mpaka boila inakohoa.
Mimi chini, kitandani, nayasikia maji ukutani:
senti, senti, senti, dola.

Reino alifunga mita ndogo kila chumba,
si ya kuwatoza,
ni ya kujua nani wa kumlaani.

Mali bila daftari, wanasema. Mimi daftari ninalo.
Februari nikaandika namba za chumba cha tano, kile cha chini ya paa,
nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena.
Mita karibu haijasogea tangu Septemba.
Nikadhani mita imekufa.
Nikadhani yule msichana amehama bila kuaga.
Nikachukua tochi, nikapanda, magoti yakinung'unika kila kidato.

Alinifungulia akiwa na koti na kofia ya sufu.
Kwenye paji la uso, taa ya betri ya wawinda kulungu.
Mezani kitabu cha kemia.
Pumzi yake niliiona kabla sijaisikia sauti yake.

"Tamsin, hita imeharibika?"
"Hapana."
"Sasa?"
"Sijaiwasha."

Akayatazama mabuti yangu.
Kwao ni huko upande wa Ewen, nyumba ya bati yenye magurudumu;
baridi moja walikatiwa umeme mara tatu,
na baba hakuwa mtu wa kupiga kelele,
alilitaja tu jina la aliyesahau kuzima taa,
mara moja,
na mezani kijiko kikaacha kugonga sahani.
"Niliusoma mkataba," akasema,
"lakini nilijua huandikwa hivyo tu. Ankara huja baadaye."

Nitasema kweli, kwa kuwa karatasi haina macho:
moyo wangu ulipiga hesabu kabla haujaona aibu.
Dola arobaini na kitu kwa mwezi. Mara tano.
Zile ambazo Corwin alizitupa dirishani,
huyu alikuwa akizirudisha ndani moja moja
kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Koki ilikuwa imeganda kwa kutu. Nikashuka kufuata spana.
Nilipoifungua, chuma kikaanza kudonoa, tik, tik,
kama kuku juu ya bati.
Tukakaa kitandani, tukingoja, hatuna la kuambiana.
Kofia akaivua.
Koti hakulivua usiku ule.

Machi mita yake imesogea, kidogo,
kama mtu anayepita mbele za wageni.
Corwin bado anapasha moto mawingu.
Nami nimeandika karatasi mpya ya dirishani,
na chini ya vyote vimo nikaongeza: vitumie.
Nikamkumbuka Corwin, nikalikata neno hilo.
Kisha nikaliandika tena,
kwa herufi ndogo.