Dai la Machi

Nyamvula wa dirisha la pili, zahanati ya Mtongwe,
miezi haihesabu kwa kalenda.
Ana dai moja la uzazi, la Machi,
usiku ule stima ilipopotea
na mkunga akamulikiwa kwa simu.
Glavu jozi tatu, uzi, dripu moja,
vyote mkopo, duka la dawa la Shee Mbwana.

Aprili mtandao wasema: linachunguzwa.
Juni: limerudishwa, mashine haikusoma kidole.
Kidole kilikuwa kimekamata chuma cha kitanda,
nani angekibandua?
Septemba: limekubaliwa.
Kukubaliwa si kulipwa,
Shee Mbwana ashajua. Amefungua daftari jipya,
deni lile lile, wino mwingine.
Glavu sasa anauza jozi moja moja,
na hatazami usoni.

Leo Desemba, foleni ya sindano ya surua.
Mama amechoka kubeba, amemtua.
Mtoto amejishika mezani,
amesimama,
meno mawili ya chini,
anatafuna kona ya faili
lenye jina la mamake.

Nyamvula hamnyang'anyi.
"Tafuna, baba," amwambia,
"uwe wa kwanza kula humu."