Kilichoganda

Tulizamisha bomba nje ya Luchelele,
Lugwisha kwenye kamba, akihesabu pima kwa Kisukuma.
Likarudi limejaa tope la rangi ya uji wa mtama,
harufu ya yai viza.
"Ndiyo haya tuliyochomea petroli lita arobaini?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu la haraka.

Maabara ni chumba nyuma ya ghala la barafu.
Tope nalipasua kama muwa, kwa urefu,
nalikausha, nalisaga, nalichemsha kwenye kiyeyushi
mpaka kichupani kibaki kitu chembamba, cha manjano,
kiasi cha chozi la kitunguu.

Mafuta.
Nta iliyolipaka jani lisikaushwe na jua.
Jani lilianguka, likachukuliwa na mto, likaoza.
Nta ikagoma.

Shangazi Milembe angenielewa kabla ya maprofesa.
Alikaanga sangara Kirumba miaka ishirini na miwili,
jioni akisugua karai kwa mchanga na jivu:
maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini haya, mwanangu, haya hayaondoki!
Hata gauni lake la kanisani lilimtolea ushahidi.

Mashine huchora vilima.
Kaboni ishirini na tisa, thelathini na moja, thelathini na tatu,
witiri tupu,
nazipanga kama karani wa mirathi:
hiki ni cha msitu uliofika hadi ufukweni,
hiki ni cha nyasi.

Chini kabisa tope linakatika.
Udongo mkavu, mgumu, wenye vijizizi kama nywele,
na nta ya nyasi, nyasi, nyasi.
Mbuga.
Hapakuwa na ziwa.
Ningekwenda Ukerewe kwa miguu
nikafika na vumbi magotini.

Sikumwambia Lugwisha. Ana watoto watano
na nyavu za mkopo.

Sentimita tatu za juu tumejiandika wenyewe:
steroli ya matumbo yetu,
iliyoteremka na Mirongo kutoka Mabatini kila mvua iliponyesha.
Hakuna aliyetia sahihi; tumo wote,
wenye vyoo vya vigae na wasio na choo.
Na mahali fulani humo, ingawa sina kipimo cha kuthibitisha,
yamo maji ya karai la Milembe.

Nafunga kichupa. Lebo naiandika kwa penseli.
Wino, hapa, huyeyuka.