Sufuri ya Mbeyu

Swali la saba nililiweka la kuwapa pumzi:
Mkokoteni unakwenda mita moja kila sekunde,
barabara imenyooka, mwendo hauzidi wala haupungui.
Mchapuko wake ni kiasi gani?

Thelathini na wanane waliandika sufuri, wakapita.
Mbeyu Kahindi aliandika mistari minne,
kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
"Si sufuri, mwalimu. Anayeusukuma ni baba.
Ana madumu ishirini, Muyeye mpaka Ngala,
na shati lake nikilikamua, kikombe hujaa.
Sufuri hutokwaje na jasho?"

Nikamchorea yai jekundu pembeni.
Nikazima taa. Usingizi ukakataa katakata;
yai lile lilikuwa linaatamiwa.

Jumamosi nikamvizia Kahindi kioski cha maji,
nyuma ya kinu cha posho, kabla jua halijakaza.
Hakuniuliza jina.
"Kama umekuja kutazama, shika huku."
Nikashika.

Kuna jambo ubaoni hulitaja haraka haraka:
kuondoka. Kilo mia nne hazina haja ya safari,
zimekaa kama mgeni aliyeonja biriani.
Hatua tatu za kwanza, hapo ndipo mchapuko ulipo:
goti linalia, ekseli inanung'unika,
mwendo unazaliwa mahali ambapo haukuwako.
Kisha Kahindi akasema, "Basi. Sasa usizidishe."

Usizidishe!
Nami nilidhani tumefika kwenye kupumzika.
Mchanga ukashika magurudumu,
beringi zenye kutu zikadai chao,
na kila tulichotoa kikachukuliwa palepale,
shilingi kwa shilingi, pasi na baki,
kama mshahara wangu na daftari la deni dukani kwa Shee.
Sisi twasukuma mbele, njia yasukuma nyuma,
tukatoshana.
Jumla: sufuri.
Shati: limelowa.

Jibu la Mbeyu halikuwa sahihi. Swali lake lilikuwa sahihi,
na mimi nilikuwa nimesahihisha jibu tu.
Miaka kumi na mmoja nafundisha sufuri hii
kana kwamba ni mfuko mtupu,
kumbe ni mizani iliyotulia
kwa kuwa vitanga vyote viwili vimeelemewa.
Na lau barabara ingekuwa kioo,
bila mchanga, bila kutu, bila hewa ya kupasuliwa na kifua,
madumu yangejiendea hadi Mambrui
na Kahindi angekaa kando anatafuna muhogo.
Mwendo uleule. Sufuri ileile. Shati kavu.
Hesabu haiulizi nani ametokwa na jasho;
hilo inatuachia sisi.

Penye kona ya msikiti mwendo haukubadilika,
lakini mkokoteni ulitaka kwenda zake moja kwa moja, ukutani.
Kahindi akauvuta kwa nyonga, meno yakaonekana.
"Hapa si sufuri," nikasema.
"Nini?"
"Hapa. Mwelekeo umegeuka. Hapa pana mchapuko."
"Nyumba ya mteja iko huku," akanijibu.

Alinilipa dumu moja la maji, sikuweza kulikataa.
Nililibeba begani hadi nyumbani
nikijaribu, kwa ukaidi, kutobadilisha mwendo.

Jumatatu nikamrudishia Mbeyu karatasi yake.
Yai sikulifuta, halifutiki kwa wino ule,
ila chini yake niliongeza swali, la alama tatu:
Njia inamrudisha baba nyuma kwa nguvu kiasi gani?

Akatazama nje kidogo, kule linakopita lami.
Kisha akaandika, mara hii bila kutoboa karatasi:
"Sawasawa na zake."