Kofia Ikiruka

Kofia ikiruka, iache.
Neno hilo nimeliandika kwa rangi nyekundu mlangoni mwa banda,
kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili chetu.
Wageni husoma, hucheka.

Sinaw, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Ndege ya kunyunyizia mitende dawa imesimama, inanguruma,
injini moja, kiti kimoja.
Rafadha ikilala ni panga, hata mtoto huiogopa.
Ikizunguka, haipo.
Mbele ya pua hubaki ukungu tu,
kama pangaboi la sebuleni kwa bibi:
mwanga unapenya, mchanga wa upande wa pili unauona,
na macho yanakwambia pita, hapana kitu.
Macho ni mashahidi wa uongo.

Thuweni alikuwa na siku ya tatu kazini.
Nilikwishamfunza: zungukia mkiani,
usivuke mbele ya bawa, ngoja rubani akuone,
injini ikizimwa hesabu mpaka ncha zote tatu uzione,
na hata hapo usiiguse,
huenda ndani bado imebaki cheche.
Aliitikia, ee dada, ee dada.
Lakini upepo haukuhudhuria mafunzo.

Ulimvua kofia,
ile ya nyota za zambarau,
mama yake aliitarizi miezi minne, kitobo kwa kitobo.
Ikabingirika kwa ukingo wake kama sarafu
naye nyuma yake, mbio.

Sikuita jina. Jina ni refu.
Nilimrushia spana ya mgongo.

Akageuka na hasira zake,
hatua mbili tu kabla ya ile hewa tupu,
na kofia ikaingia peke yake.
Sauti ndogo. Kama mtu anayetema kokwa ya tende.

Jioni nilimpelekea mama yake nyuzi nilizookota.
Bi Shinuna alizipokea kiganjani, hakusema kitu.
Akamwita mwanawe, akampapasa kichwa,
sikio hili, sikio lile, utosi,
mwanamume wa miaka ishirini na mbili.
"Na huo mgongo?"
"Spana," nikasema.
"Nzito?"
"Nambari kumi na tisa."
Akanimiminia kahawa.

Siku hizi Thuweni hufanya kazi kichwa wazi.
Kila injini ikizimwa namsikia anahesabu,
moja, mbili, tatu,
kisha anangoja tena kidogo,
mikono nyuma.