Namba Tano, Namba Nne

Vichwa vya Wete navijua kwa uzi.
Miaka arobaini na mitatu nimekaa kitako mkekani,
goti la kulia nimelikunja, la kushoto nimelisimamisha,
nadarizi vitundu vya kofia,
na kila mteja ana uzi wake wenye fundo:
uzi wa sheha, uzi wa bwana harusi wa Mtambwe,
uzi wa mtoto wa Hadia, aliyezaliwa na kichwa kama dafu.

Leo Daktari Nassir, kijana wa Mkoani,
kabandika picha ya mifupa yangu kwenye taa,
kaweka kipimo cha kioo juu yake, kasogeza, kajikuna kidevu.
"Kulia namba tano. Kushoto namba nne."
"Daktari, mimi ni mtu mmoja."
"Magoti hayajui hilo, Mzee Mbarouk."

Akanieleza:
ikizidi, chuma kitatokeza ukingoni mwa mfupa,
nyama isuguane nacho kila hatua;
ikipungua, chuma kitadidimia kwenye mfupa laini.
Na picha hukadiria tu.
Tukishakata, tutakuvika vya kujaribia,
tukunje, tunyooshe, ndipo tuamue.

Hapo nikamwelewa.
Nani anamaliza kofia bila kumvisha mtu?

Wakanidunga ganzi ya mgongo. Kiuno kwenda chini
kikawa mali ya jirani.
Nyuma ya pazia, nyundo,
kama seremala anayepigilia mlango wa watu wengine.
Kisha sauti: "Tano. Imezidi. Nipe nne."
Kimya. Goti langu likakunjwa, mbali na mimi.
"Imekaa."
Na la kushoto: nne, ikakaa.

Basi ni mtu mmoja, nikawaza. Usingizi ukanichukua.

Mwezi wa tatu huu.
Zuwena ananihesabia hatua hadi kizingitini,
akichoka ananidanganya, anaruka kutoka tisa hadi kumi na mbili.
Nasali kitini. Kipaji cha uso kinaishia hewani,
na msala naukumbuka ukiwa pale pale chini yangu.

Kofia ya daktari nimeishona nimekaa kama karani.
Kichwa chake nilikikadiria kwa jicho, nikiwa kitandani:
inchi ishirini na tatu, sikuwa na shaka.
Alipoivaa ikamshuka hadi kwenye nyusi.

Tukatazamana.
Nikapapasa mfukoni, nikatoa uzi.
Akainama yeye, ili mimi nisisimame.