Punje

Chumba cha giza cha Semboja, Barabara ya Nane, Ngamiani,
zamani kilikuwa bafu. Bomba bado linadondoka.
Ufa wa mlango nimeuziba kwa kanga ya mama;
chini ya taa nyekundu
maandishi yake mekundu yamefutika.

Karatasi ya saba hii.
Sita zimo ndooni, zote na ukungu,
na kesho Semboja atazihesabu kwa kidole,
kimya, kisha akate kwenye posho yangu.

Bi Mwantumu wa Chumbageni ndiye mwenye negativu:
mdogo wake, siku ya kuolewa.
Anaitaka picha kubwa kama dirisha.

Nimezungusha lenzi mbele, nyuma,
nikizisaka kope. Zinakuja, zinakwenda.
Jicho langu linataka kuziona,
basi linaziona hata pasipo na kitu.

“Achana na uso,” Semboja aliwahi kuniambia,
mdomo umejaa njugu.
“Uso utakubembeleza. Tafuta punje.”

Haya. Naiacha balbu iwake dakika mbili,
filamu ipate joto, ijikunje itakavyo,
imalize ukaidi wake kabla sijaanza wangu.
Naweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi mbovu
(unene uleule, maana unene nao ni umbali),
nafungua tundu lote la lenzi, nainama
hadi shavu linagusa ubao.

Humu hamna bibi harusi.
Kuna mchanga mweusi unaochemka.
Nazungusha kidogo, kiasi cha unywele,
mchanga unatulia,
kila chembe na mpaka wake.

Nafunga tundu, mibofyo mitatu.
Lori la saruji la Pongwe linapita, mlingoti wa mashine unatetemeka.
Nangoja. Nabana pumzi. Kumi na mbili.

Kwenye trei zinatangulia nyusi,
kisha kidani, pete moja moja ya mkufu, kope!
Na mkono wa kulia: moshi.

Natukana. Nachukua kioo.
Ndani ya moshi punje zimekaa wima,
kali kama chumvi ya mawe.
Si mimi. Ni yeye aliyeusogeza mkono,
akimfukuza nzi, au akimwita mtu,
Bi Mwantumu ndiye atakayejua.

Nazitoa zile sita ndooni, nazibandika ukutani zikivuja.
Mikono sita ya moshi.
Mbili kati yake, nikizitazama kwa kioo,
zilikuwa sawa tangu alasiri.

Semboja atahesabu saba.