Dakika Arobaini Kabla ya Kipindi

Saa kumi na mbili na robo. Umande bado ndio mwenye uwanja.
Nina dakika arobaini na fimbo moja ya kuazima,
chuma namba saba, mpini umezungushiwa plasta ya wodini,
na mfukoni desa la mifupa ya mkono
limekunjwa mara nne.

Sikuja kwa hamu ya gofu, niseme ukweli.
Nilikuwa nakatiza Shanti Tauni kwenda chuo kwa miguu,
nauli imekata tangu Jumanne, bumu halijaingia,
nikaona mpira mtaroni,
mweupe, kama yai ambalo kuku amelisusa.
Nikaurudisha getini.
Aminieli, kedi wa zamu, akaugeuzageuza,
akavitazama viatu vyangu, akasema:
"Umeuokota. Basi upige."

Nikapiga.
Mpira haukusogea.
Kilichoruka ni bonge la nyasi, na udongo ukaniingia mdomoni.
"Si mbaya," alisema. "Umeanza na shamba."

Tangu siku ile mimi mkulima.
Nimechimba mashimo yasiyo na bendera,
nikayafukia kwa kisigino kabla mkata nyasi hajafika.

Aminieli hana maneno mengi.
"Magoti."
"Bega."
"Unaharakia nini?"

Naharakia kipindi cha saa moja na nusu.
Naharakia sapu ya Anatomia iliyonikaa kooni kama mwiba wa perege,
na zamu ya usiku, na sare mbili zilizolowekwa tangu juzi,
na simu ya mama anayeuliza kama nakula,
nami namjibu nimeshiba, mama, huku natafuna karanga za mia mbili.

"Hivyo vyote viweke kwenye begi," anasema.
"Mabegi nimebeba miaka kumi na tisa.
Hilo lako jepesi."

Asubuhi moja mlima ulivua mawingu yote kwa mpigo.
Nikainua kichwa kabla ya wakati,
mpira ukatokomea kwenye migrevilea.
"Mlima unautazamia nini?
Jana ulikuwepo, kesho utakuwepo.
Mwenye safari ni mpira."

Halafu mikono. "Shika," anasema, "usikabe."
Nikaukumbuka mkono wa bibi wa kitanda cha kumi na nne,
mshipa wake unaoikimbia sindano,
nilivyoushika
asijue kwamba mimi ndiye ninayeogopa zaidi.
Nikashika hivyo.
Mifupa minane ya kifundo,
niliyoikariri usiku kucha kwa tochi ya simu nikaichanganya yote,
ikajipanga yenyewe bila kuitwa majina.

Sauti ilikuwa ndogo,
kifuniko cha chupa ya dawa kinapokubali kufunguka.
Mpira ukapaa, ukakawia juu
kama mtu anayesoma tangazo la matokeo ukutani,
kisha ukashuka, ukajiviringisha,
ukalala hatua tatu kutoka kwenye bendera.

Nikageuka. Aminieli ameinama, anafunga kamba ya kiatu.
"Umeona?"
"Nimesikia," alisema. "Inatosha."

Saa moja na dakika tano.
Sikwenda kuumalizia. Nilimwachia fimbo, nikakimbia,
daftari likinipiga ubavuni njia nzima,
nikaingia darasani mlango ukiwa unafungwa.
Daktari Ndossi akatazama sakafu, nyayo zangu moja moja
mpaka kwenye dawati.
"Udongo huo wa wapi, wewe?"
"Wa shambani, daktari."
Wakacheka. Akachora mkono ubaoni.

Niliandika tarehe, nikaandika kichwa cha somo,
nikapigia mstari.
Kisha kwa muda mrefu sikuandika kitu.
Kule uwanjani umande ulikuwa unakauka,
na mpira wangu, wa kuokota,
umebakiza hatua tatu.